Siku Tatu Bila Kufagia

Kwa miaka saba, kila asubuhi kabla ya chai, mama mkwe wa Sikio alikuwa akifagia ushahidi na kuutupa nje.

Hakujua kuwa ni ushahidi. Kwake ulikuwa mchanga tu, mchanga wa rangi ya kahawia uliodondoka kutoka anakokujua Mungu, ukalala juu ya sakafu ya chumba chake. Mama huyo alikuwa mtu wa ufagio. Wapo watu wanaoamka wakasali, wapo wanaoamka wakalalamika. Yeye aliamka akafagia, na saruji ya sakafu yake ilikuwa imeng'aa kwa kufagiwa kama kijiko cha zamani kinavyong'aa kwa kulambwa. Majirani walisema kwamba hata nzi hutua kwake kwa miadi.

Kisha adhuhuri moja ubao wa dari ukaanguka kitandani mwake. Yeye alikuwa jikoni. Alipoingia aliukuta umelala juu ya mto, pale pale kinapolala kichwa, na alipouinua ulikuwa mwepesi kama kiberiti kilichokwisha njiti.

Binti yake mkubwa alifika kabla jua halijashuka. Familia nzima, hata waliomzidi umri, ilimwita Dada. Alikuwa msimamizi wa ghala la vitabu vya shule, mwanamke wa orodha na mihuri, na katika nyumba yake ya ghorofa kulikuwa na chumba kitupu. Tangu baba yao afariki alikuwa akimwomba mama yake ahamie chumba hicho. Siku hiyo hakuomba tena. Alimpigia simu shemeji yake.

"Shemeji, njoo na vifaa vyako. Tunataka neno moja tu kwako: paa limeliwa au halijaliwa. Likiwa limeliwa, Mama anahama na nyumba inavunjwa."

"Mama mwenyewe anasemaje?"

"Anasema atakusikiliza wewe. Ndiyo maana nakuita, usije ukajiona."

Jina halisi la shemeji huyo lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha ndoa, na huko ndiko lilikobaki. Watu walimwita Sikio kwa sababu kazi yake ilikuwa kuua mchwa, na kabla ya kuwaua aliwasikiliza. Aligonga mbao kwa mpini wa bisibisi, akabandika sikio, akafumba macho. Baadaye mkewe, muuguzi wa zahanati, alimletea mpira mkuukuu wa kusikilizia mapigo ya moyo, na tangu hapo alipima milango na meza kama wagonjwa. "Vuta pumzi," watani wake waliuambia mlango. "Kohoa kidogo."

Utu uzima wake ulianzia kwenye tanuri la matofali. Alipewa kazi ya kuchimba vichuguu, kwa kuwa udongo wa kichuguu, uliokwisha kutafunwa na vinywa visivyo na idadi, hufinyangika vizuri na tofali lake halipasuki motoni. Siku ya kwanza alipopasua kichuguu kilichomzidi kimo, alitarajia kukuta giza na fujo. Alikuta mji. Njia za hewa zilishuka kutoka juu hadi chini, na hewa iliyomjia usoni ilikuwa ya uvuguvugu na yenye unyevu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Kulikuwa na vyumba, na ndani ya vyumba kulikuwa na bustani za kuvu, laini kama sifongo, maana mchwa hawa hawawezi peke yao kukimeng'enya kila wanachokila. Huuleta mti nyumbani, wakaupandia kuvu, kisha wakala walichokilima. Na katikati, ndani ya chumba cha udongo mgumu kama jiwe, alikuwamo malkia: mweupe, mnene, mrefu kama kidole cha mtu mzima, asiyeweza hata kujigeuza. Mfalme alikuwa pembeni yake, mdogo, kama mume aliyekuja kumwona mkewe hospitalini akakosa kiti.

Mwenzake aliinua sururu.

"Ngoja kidogo," Sikio alimwambia.

"Tungoje nini?"

"Sijui. Ngoja tu."

Walingoja kiasi cha pumzi kumi, kisha sururu ikashuka. Mtu akitaka kujua maisha ya Sikio yalitoka wapi, yalitoka katika pumzi zile kumi.

Lugha imewapa jina moja, mchwa, awe mmoja au wawe elfu, na jina moja humfanya mtu aone kitu kimoja. Wakiota mbawa baada ya mvua huitwa kumbikumbi, kana kwamba ni ukoo mwingine uliokuja kutembea. Katika miaka thelathini ya kuingia nyumba za watu, Sikio alijitungia majina yake mwenyewe. Wale wa vichuguu aliwaita wajenzi. Wale wanaolifunika gome la mti kwa tabaka la tope na kula chini yake, kama mtoto anayekula biskuti chini ya shuka, aliwaita wapaka-tope. Kuna wanaotoka mchana kweupe, wenye macho, wakakata nyasi na kuziburuta shimoni bila kujenga chochote juu ya ardhi; hao ni wavunaji. Kuna wanaoning'iniza kiota cheusi kwenye tawi kama kibuyu kilichoungua, na askari wao wana pua iliyochongoka inayorusha gundi. Hao aliwaita mapua. Kila kundi lilikuwa na ustadi wake na ujinga wake. Lakini karibu wote, hata wale wa mtini wenye vichochoro vyao vilivyofunikwa, walihitaji unyevu, na wengi wao unyevu huo waliufuata chini.

"Mchwa ni mtoto wa udongo," aliwaambia wateja. "Mkatie njia ya udongo, umemkata koo."

Maneno hayo yalimlisha, yakasomesha watoto wake, na yalimpatia kitu alichokithamini zaidi: mkono wa baba mkwe wake. Mzee yule alikuwa seremala wa mapaa. Alipoletewa posa ya muua wadudu hakufurahi. "Mimi najenga," alisema, "yeye anafika nyumba ikishaharibika. Huyo ni fundi wa nini?" Swali hilo Sikio alilibeba moyoni hadi miaka kumi na miwili iliyopita, alipochimba mtaro kuizunguka nyumba ya mzee, akamimina dawa, akafukia, akasimama mbele yake na kusema, "Baba, mchwa hataikanyaga nyumba hii." Mzee aliuzunguka msingi mara mbili. Kisha akampa mkono, na safari hii hakukuwa na sherehe iliyomlazimisha.

Mzee alifariki miaka mitano baadaye. Alichoacha ni lile paa, boriti kumi na moja alizozipandisha mwenyewe, na ndilo ambalo mjane wake hakutaka kulihama. "Nikiangalia juu naiona kazi yake," alisema. "Huko ghorofani nikiangalia juu nitaiona sakafu ya jirani."

Basi Jumamosi Sikio alikuja na ngazi, tochi, bisibisi na mpira wake. Alianza chini, kama kawaida yake. Msingi ulikuwa safi. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa tope ukutani. Alifurahi, na furaha ile ilimfanya aone aibu, maana ubao mwepesi ulikuwa bado umeegemea ukuta chumbani na ulikuwa umeliwa na mtu fulani. Alimwuliza Mama kama alikuwa ameona unga wowote sakafuni.

"Sakafuni kwangu?" Mama alikunja uso. "Kwangu hakuna unga. Ukianguka naufagia."

"Unaanguka mara ngapi?"

"Kila siku. Kila siku naufagia."

Sikio aliweka kikombe cha chai chini. "Mama, nina ombi gumu."

"Sema, baba."

"Fagia chumba chako leo, vizuri kabisa. Kisha siku tatu usikifagie. Ulale sebuleni."

Mama alimtazama kama aliyeambiwa atembee bila nguo. "Usifagie kwa maana ya kufagia kidogo?"

"Kwa maana ya kutofagia."

"Na wageni wakija?"

"Mama, wageni gani chumbani kwako?" Dada, aliyekuwa amekaa pembeni, aliuliza.

"Mauti," Mama alisema. "Yakija yanikute na takataka?"

Hata Dada alicheka, kisha akajikumbuka. Alimfuata shemeji yake hadi nje, akasimama karibu na ngazi. "Usimdanganye," alisema kwa sauti ya chini. "Ubao ule ungeanguka usiku tungekuwa tunaongea mengine. Mimi sitaki nyumba yake wala kiwanja chake. Nataka niamke asubuhi nimkute."

Dada alikuwa amesema kweli, na Sikio alilijua hilo.

Siku ya pili mkewe alimkuta mezani na ule ubao, anaugeuzageuza, chakula kimepoa.

"Ukisema paa limekwisha, dada yangu atapumua," alisema. "Ukisema ni zima, mama yangu atapumua. Wewe nani anakupikia?"

"Wewe."

"Basi nisikilize mimi. Sema unachokiona, halafu ule."

Siku ya tatu Mama alimfungulia mlango wa chumba huku amegeuza uso pembeni, kama anayemwonyesha daktari kidonda. Sikio alipiga magoti na tochi, akailaza ikimulika kwa upande.

Sakafu ilikuwa imeandikwa. Chini ya boriti ya nne, ya tano na ya sita kulikuwa na vichuguu vidogo, vidogo kuliko kijiko cha chai. Alichukua chembe kwa ncha ya kidole. Haukuwa unga; unga laini ungekuwa wa dumuzi, mdudu anayetoboa mbao. Hizi zilikuwa punje, ngumu, ndogo kuliko ufuta, na chini ya kioo chake cha kukuzia kila punje ilikuwa na pande sita, kana kwamba imechongwa.

Aliwajua. Alikuwa amewakuta mara chache katika fremu za picha na migongo ya viti, na aliwaita wakimya. Hawa hawana kichuguu, hawana tope, hawashuki udongoni wala kutafuta maji. Huingia katika kipande kimoja cha mti mkavu na kuishi humo, ukoo mdogo wa mamia, mara nyingine elfu chache. Kwao hakuna hata tabaka la vibarua. Watoto ndio wanaofanya kazi zote, na mtoto yeyote anaweza siku moja kuitwa kuwa mfalme. Askari wao ana kichwa butu kama kizibo, na adui akija hukitia mlangoni akakaa hapo. Na ni wasafi. Ndicho kilichomfanya Sikio akae chini pale sakafuni. Kinyesi chao hawakai nacho. Hukikusanya, wakatoboa tundu, wakakisukuma nje, kisha wakaliziba. Kwa miaka saba wao walifagia kuja chini na Mama akafagia kwenda nje, wenye nyumba wawili wasafi, kila mmoja akimfichia mwenzake.

Aligeuza tochi. Chungu kubwa kuliko zote haikuwa chini ya boriti. Ilikuwa chini ya kabati.

Alilitazama kabati lile kwa muda mrefu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na seremala yule, aliyeezeka nusu ya mji, alikufa bila kumtengenezea mkewe kabati. Nguo zake zilikaa katika masanduku ya bati. Baada ya maziko Sikio alitaka kuwa mkwe wa kukumbukwa. Alilipata kwa mtu aliyekuwa akihama, kabati kuukuu la milango miwili, likaletwa kwa mkokoteni. Kabla ya kulipakia alilikagua. Aliikagua miguu yote minne, kwa bidii, akitafuta tope. Miguu ilikuwa safi. Mchwa ni mtoto wa udongo. Hakubandika sikio mgongoni.

Sasa alibandika mpira. Aligonga mara moja kwa mpini wa bisibisi, na kutoka ndani ya ubao zikajibu ngoma ndogo, kavu, za haraka: askari wakipiga vichwa vyao mtini kuamshana. Alipanda ngazi, akazigonga boriti zote kumi na moja, akashuka na kurudi mbele ya kabati.

"Mama," aliuliza bila kugeuka, "umewahi kuona mbawa? Dirishani, au karibu na taa?"

"Kila mwaka," Mama alisema kutoka mlangoni. "Nilizifagia."

Dada alikuwa amefika na kusimama nyuma ya mama yake. "Ni nini? Wametoka wapi?" Kisha, kwa upole usio wa kawaida yake: "Mbao za Baba zilikuwa mbovu?"

Mama alishika fremu ya mlango.

Njia ilikuwa wazi. Marehemu hasemi. Ingetosha kutikisa kichwa na kunung'unika jambo kuhusu mbao za siku zile, na angebaki kuwa mtu aliyeilinda nyumba chini wakati udhaifu ulikuwa juu tangu awali. Mama angehamia ghorofani, kabati lingeuzwa, na hakuna mtu katika dunia hii ambaye angejua. Sikio alihesabu pumzi. Hakufika kumi.

"Mbao za Baba zilikuwa nzuri," alisema. "Wametoka humu. Walikuwamo siku nilipolileta. Wameota mbawa humu, wakaruka, wakaingia darini. Ni mimi niliyewaleta, Mama, kwa mkokoteni, na nikamlipa mtu anisaidie kusukuma."

Mama alikwenda kwenye kabati, akafungua mlango, akazitazama nguo zake zilizokunjwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu. "Nimeusema msemo huu tangu niko msichana. Sikujua kwamba mkwe wangu angenitengenezea mfano."

Hakucheka. Sikio naye hakuthubutu.

"Na paa?" Dada aliuliza.

"Boriti tatu zimeliwa, hizi za juu ya chumba. Dari ya humu yote itoke. Nane ni nzima. Wakimya ni wachache na wanakula polepole. Si jeshi la udongoni linalomaliza mlango wakati umesafiri. Zikibadilishwa tatu, kabati likichomwa na nane zikapakwa dawa, nyumba inasimama."

"Nane ni nzima." Dada aliyarudia maneno kama anayesoma risiti ya duka asiloliamini. "Shemeji, wewe ndiye uliyesema mchwa hataikanyaga nyumba hii."

"Hakuikanyaga. Alibebwa."

"Usinichekeshe. Nimwache mama yangu alale chini ya neno lako?"

"Hapana," Sikio alisema. Alivua mpira shingoni na kumnyooshea. "Neno langu liweke kando. Panda usikie mwenyewe."

Dada aliitazama ngazi. Alikuwa na sketi ya kazini na umri wa miaka hamsini na sita. Lakini zamani, kabla ya orodha na mihuri, alikuwa mtoto aliyekaa juu ya paa akimpokeza baba yake misumari, na Mama alikuwa akipiga kelele chini kwamba mtoto ataanguka. Alivua viatu. Akapanda.

Walimsikia akigonga. Boriti ya nne ilitoa sauti ya boksi. Dada alikuwa ameuweka mpira masikioni. "Wanapiga ngoma," alisema huko juu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo zaidi. Aligonga ya tano. Ya sita. Kisha ya saba, na ya saba ilijibu kwa mlio mmoja mzito, uliojaa. Aliikita bisibisi kwa nguvu zake zote, ikateleza. Alisogea, akapiga ya nane hadi ya kumi na moja, akarudi kwenye tatu za mwanzo, kila moja mara mbili, kama marehemu alivyouzunguka msingi.

"Ameziandika namba," alisema. "Kwa penseli. Ile saba yake yenye mkia."

Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui nyweleni. Alimrudishia Sikio mpira bila kumtazama. "Wiki tatu Mama anakaa kwangu, mnabadilisha. Mbao nakuja kuzikagua mimi." Kisha akamgeukia mama yake. "Halafu utarudi."

"Sikuondoka," Mama alisema, na akaenda kutafuta ufagio.

Kabati lilichomwa uani siku iliyofuata. Mama alisimama akiliangalia hadi mwisho, kisha akazirudisha nguo zake katika masanduku ya bati. Boriti tatu mpya zilipopanda, Dada alizigonga chini kabla hazijapanda na juu baada ya kupanda, na fundi wa paa alimwuliza Sikio kama mwanamke yule alikuwa mkaguzi wa serikali. Namba waliziandika upya kwa penseli. Saba hawakuigusa.

Tangu hapo Mama hafagii kabla ya kuangalia. Huinama na tochi, hutazama chini ya boriti zote, ndipo hushika ufagio. Na kabla ya chai humpigia mkwe wake. "Leo hakuna," husema, na hukata simu. Kwa miezi minne alisema hivyo tu. Hakumwuliza habari za watoto, hakumwita baba. Sikio aliyapokea maneno yale mawili kila asubuhi kama mtu anayeripoti kituoni.

Kisha asubuhi moja simu ililia mapema.

"Kuna punje," Mama alisema. "Sebuleni. Njoo."

Alifika hajafunga vifungo vya shati. Mama alimwonyesha mahali, sakafuni pembeni mwa meza, karibu na dirisha. Sikio alipiga magoti, akamulika kwa upande, akatoa kioo chake. Punje tano, sita. Zilikuwa na pande, lakini si sita, na mwanga ulipita ndani yake. Aliibandika moja kidoleni, akasita, akaiweka ulimini.

"Mama," alisema, "hii ni sukari."

"Najua ni sukari," alisema Mama, tayari anavuta kiti cha pili. "Kaa, baba. Chai inapoa."